Pengo la Filimbi Kubwa

Miguu yangu haijui kutulia. Nikikaa kungoja chai ichemke, wa kulia unakanyaga, wa kushoto unafuata, mpaka benchi lote linatikisika na watoto wananiuliza, mama, unaenda wapi? Majirani hapa Bwera wananitania kwamba nina siafu. Siafu gani? Ni kinanda. Huko nilikokulia, upande wa Butembo, parokia yetu ilikuwa na kinanda cha upepo, kile ambacho usipokanyaga hakisemi, na mimi ndiye niliyekikanyaga tangu usichana wangu hadi siku tuliyokimbia. Nilivuka mpaka kuja hapa Bwera na watoto, sufuria, na miguu hii. Kinanda kilibaki kanisani. Kama hakijafanywa kuni, basi panya wamehamia.

Mama yangu alikuwa akisimama nyuma yangu kwenye kwaya, na aliimba besi. Ndiyo, besi, pamoja na wanaume. Sauti yake ilikuwa nene, ikitoka chini kabisa tumboni, na wanawake wenzake walimcheka weee, mpaka wakachoka. Yeye hakujali. Alisema Mungu angetaka aimbe nyembamba angempa nyembamba. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kuaga marehemu unaoishia kwenye do ya chini, na wanaume wa kwaya wakifika pale walimwachia yeye, kwa sababu hakuna aliyeishika vizuri kama yeye. Do hiyo nilikuwa naihisi mgongoni kabla ya kuisikia.

Alifariki tukiwa njiani, si kwa risasi, kwa homa. Tulimzika nyuma ya migomba ya watu tusiowajua. Padri alikuwa amekimbia kama sisi. Nilipofungua mdomo nianze ule wimbo, mtu aliyetusaidia kuchimba akaniwekea mkono begani. "Mama, musiimbe," akasema. "Wimbo inatembea mbali kuliko mutu." Wale tuliokuwa tunawakimbia walikuwa karibu. Tukamfukia kimya kimya kama watu wanaoficha kitu cha wizi, tukaondoka. Nikaapa siku ile kwamba wimbo wake nitaupiga, kwenye kinanda cha upepo, ndani ya kanisa, watu wakisikia. Nisipofanya hivyo mama yangu atakuwa ametupwa, hakuzikwa.

Kanisa letu hapa Bwera lina kinanda, sikatai. Ni cha plastiki, kinakula betri ya sola, na kinalia kama simu ya mtu anayedaiwa. Katikati ya Baba Yetu kinazimika. Kuna kitufe ukikigusa kwa bahati mbaya kinaanza kupiga disko chenyewe, na kilishatuaibisha mbele ya watoto wa ubatizo. Kwaya inaimba vizuri, Mungu awabariki, lakini kila Jumapili nilirudi nyumbani roho juu juu, nikagombana na kila kitu, hata na jiko. Nimpigie mama wimbo wake kwenye dude lile? Afadhali nipige sufuria.

Ndipo nikamjua mzee mmoja wa Kyondo, juu mlimani, mkulima wa kahawa, anayeshuka Bwera siku za soko. Yeye na wenzake wana filimbi za mianzi walizorithi kwa wazee wao Wakonzo. Kila mtu ana filimbi moja, na kila filimbi ina sauti moja tu. Huyu anapuliza yake, yule anajibu kwa yake, na wimbo unapita kati yao kama ndoo ya maji ambayo watu wanapokezana kuzima moto. Walipopiga uwanjani kwetu siku ya sikukuu ya parokia, watu walicheza. Mimi nilisimama nimeduwaa. Jamani, kile si kinanda? Kilichokosekana ni mvukuto wa kuzipuliza filimbi zote, na mtu mmoja wa kuzichagua kwa vidole. Mtu huyo alikuwa mimi, nani mwingine?

Nilimfuata hata kabla hajafuta jasho. Nikamweleza kinanda, nikamweleza mama na wimbo wake, vyote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno lililonikaa kooni kwa miezi.

"Basi huyo mama, bado hamjamzika."

Nikamwambia tumemzika, na kaburi nalijua. Akatikisa kichwa. Kwao, alisema, mwenzao wa filimbi akifa wanampigia wimbo kaburini, na ikifika zamu ya filimbi yake hakuna anayeipuliza. Wimbo unapita na pengo. Watu wakilisikia lile pengo ndipo wanalia, na ndipo mtu amezikwa. Kwa hasira nikamjibu kwamba wimbo wenye pengo ni wimbo mbovu, na kwetu mpiga kinanda akiruka noti anaondolewa kwenye kiti. Hakukasirika. Alicheka, akaniambia nipande Kyondo tukaangalie mianzi.

Mianzi alikuwa nayo, imekaushwa kwa moshi juu ya jiko. Nilipanda kwake kila nilipopata nafasi, na nisipoipata niliiba. Yeye alikata, mimi nilisikiliza. Kila filimbi tuliipasulia kinywa kidogo, ili upepo ukiingia kwa chini ilie bila midomo ya mtu. Tuligombana, tena sana. Sikio lake limezoea filimbi za babu zake, langu limezoea do re mi, na kuna fa moja ilitutoa roho. Yeye anasema ni tamu, mimi nasema haijaiva. Nikamhimiza akate tena, upesi, njia ya kurudi Bwera ni ndefu. Akaweka kisu chini.

"Haraka yako itatumalizia mianzi, mama. Mwanzi ikikatwa fupi, nani ataivuta?"

Miguu yangu ikaendelea kukanyaga udongo wa ua wake mpaka kuku wakahama. Mwishowe ile fa ikakaa mahali ambapo si pake wala si pangu, tukaizoea.

Iliyotusumbua zaidi ni filimbi kubwa, ya do ya chini. Kila mwanzi tulioukata ulikuwa mfupi kwa sauti ile. Siku moja akachukua mwanzi mnene wa kawaida, akaacha fundo la juu bila kulitoboa, filimbi ikabaki imezibwa kichwani, na sauti ikashuka chini, chini kabisa. Aliipuliza mara moja tu. Niliihisi mgongoni. Nililia palepale mbele ya mkewe, nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya mama, hivyo ndivyo alivyokuwa akiimba. Mzee aliifunga filimbi ile kwenye kitambaa, peke yake, mbali na nyingine.

Sanduku tulilipigilia kwa mbao za kreti za soda. Vitufe vilirudishwa juu na spoki za baiskeli. Mvukuto ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, na ndani tuliweka vipande vya tyubu ya lori nilivyoomba kwa mafundi wa mji wa Hima. Shida ilikuwa gundi. Ile ya kuzibia pancha ilibanduka kwenye ngozi mara mbili. Tukakubaliana, sote wawili, kutumia uji mzito wa unga wa muhogo. Ukikauka unashika kama msumari, na sisi tuliupaka bila ubahili, kila mshono ukajaa. Tuliponaswa ni hapo. Watu wazima wawili, tuliotumia maisha yetu kufukuza panya kwenye vyakula, hatukufikiri hata kidogo kwamba tunawaandalia panya chakula.

Padri alituruhusu tukilete kinanda chetu kwa misa ya mwezi wa marehemu, na jina la mama likawekwa kati ya wanaoombewa. Jumamosi mchana nilikijaribu kanisani, kikaimba mpaka mafundi wa baiskeli wa barabarani wakaja kuchungulia dirishani. Nililala usiku ule kama mtoto. Jumapili, baada ya komunyo, padri akanipa ishara. Nikakaa, nikanyoosha mgongo, nikaweka mguu, nikakanyaga. Fuuu. Nikakanyaga tena. Upepo ulitoka pembeni ukapeperusha vumbi la sakafu. Nikainama kutazama, nikaona mishono imegugunwa na panya mwanzo hadi mwisho, safi, kama sahani iliyolambwa.

Sitaki kuficha nilivyojisikia. Nilitamani sakafu inimeze. Watu wametulia wanangoja, wengi wao wakimbizi wenzangu, wengine nimewaalika mwenyewe, nikajisifu mwenyewe. Padri, kwa huruma yake, akamgeukia mpiga kinanda cha plastiki, naye akaanza kutafuta waya wa betri. Na miguu yangu, haki ya Mungu, bado inakanyaga tu. Nilijua tu kwamba mama anapitwa tena, mara ya pili, na safari hii hakuna hata wa kumlaumu.

Mzee wa Kyondo alikuwa amekaa benchi la pili na wenzake wa filimbi. Akainuka taratibu, akaja kwenye kinanda, akafungua kifuniko, akachomoa filimbi moja. Ilikuwa ile fa yetu. Akaipuliza, kanisa zima likageuka. Akampa mama mmoja wa kwaya, akamwambia wewe ni fa. Akachomoa nyingine, akampa mwenzake. Nyingine akampa mwalimu wa kwaya. Wimbo ule unaimbwa mazishini pande zote mbili za mpaka, na wanakwaya wote wamefundishwa nyimbo kwa do re mi tangu utoto, kila mtu anajua silabi yake itafika wapi, na wale wazee wa filimbi kazi ya kungoja zamu ndiyo wamezaliwa nayo. Sanduku likabaki na matundu. Ya mwisho ilikuwa filimbi kubwa. Aliifuta kwa mkono wa shati, akaniletea.

"Hii ni yako, binti yangu. Ngoja zamu yako."

Nilikasirika. Mimi, mpiga kinanda, nipewe noti moja? Tena iliyo mwishoni kabisa mwa wimbo, nisimame pale kama mlinzi wa geti? Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa ameshainua mkono, ikabidi nitulie.

Wakaanza. Haikuwa safi, nisiseme uongo. So ilikuja mapema, fa ilichelewa kunyamaza, mzee mmoja alikohoa akakosa zamu yake na wenzake wakamsubiri. Ila wimbo ulikuwa ndio wenyewe. Miaka yote niliupiga nikiwa nimeupa watu mgongo, macho kwenye vitufe, miguu ikihangaika. Sasa nilikuwa nimewaelekea. Niliwaona mashavu yakijaa, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akimtazama mwenzake asije akamkanyaga. Nyuma kabisa niliwaona wanawake wa Beni na Butembo wamesimama, vitenge wamevishika mdomoni. Nilijua walichokuwa wanafikiria. Nao wana makaburi nyuma ya migomba ya watu.

Ikafika re, iliyo kabla ya mwisho. Wote wakanigeukia. Nikaweka filimbi mdomoni. Nilikuwa na pumzi ya kutosha, nilikuwa nimeivuta tangu katikati ya wimbo. Lakini midomo ilianza kutetemeka, na mdomo unaolia hauwezi kupuliza filimbi, jaribu uone. Do haikutoka. Mahali pake palipita patupu, na kanisa zima likapasikia. Mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele wa msiba, ule wa kwetu, kisha mwingine, kisha wanaume. Padri mwenyewe alivua miwani. Tulilia kwa sauti, mchana kweupe, milango iko wazi, na hakuna aliyetuambia tunyamaze.

Baada ya misa wanawake walinizunguka, wakanishika mikono, wakanisifu. Walishasikia kwa wale wazee maana ya pengo, wakasema nimefanya vizuri kumwachia mama nafasi yake. Sifa ile ilinichoma. Kwanza sikuwa nimefikiria pengo lolote, pili nilikuwa nimeapa kuupiga wimbo mzima na noti moja tu niliyopewa nimeipoteza. Nikawaacha, nikamtafuta mzee. Nilimkuta kwenye ngazi za kanisa, anavaa viatu vyake vya mlimani. Wenzake walikuwa wameshatangulia, kila mmoja na filimbi mkononi, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha sandukuni.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia ukweli, kwa sababu yeye nisingeweza kumdanganya.

"Papa, sikuacha ile noti. Nilishindwa kupuliza."

Alimaliza kufunga kamba ya kiatu kwanza.

"Na sisi je?" akasema. "Unafikiri tunaiachaga kwa kupenda?"

Akaniegemea begani kidogo alipokuwa anainuka, akachukua njia ya Kyondo. Filimbi kubwa ilikuwa mapajani mwangu. Nilikaa pale kwenye ngazi, sijui kwa muda gani, mpaka katekista alipokuja na funguo na kuniomba nimpishe afunge mlango, na ndipo nilipoitazama miguu yangu, nikaona imetulia.