Kambale wa ukweni

Enzi za Mjerumani, nikiwa msichana, nilikuwa barazani kwa jumbe, kule Bahi. Mzee mmoja kamshitaki mkwewe mvuvi. Maji ya ziwa yamekuwa kijani, ng'ombe wanayanusa wanarudi nyuma.

"Umeyaroga! Nirudishie binti yangu!" Mzee akapiga fimbo chini. Binti kamng'ang'ania mumewe mkono.

Mvuvi hakuinua macho. "Baba, kambale ndio walikuwa wanakula visamaki. Wamekwisha. Sasa visamaki vimejaa, vinamaliza vidudu vinavyokula ule ukijani."

"Kambale kawamaliza nani?"

"Ukweni hatupeleki visamaki, baba. Kambale wote nimewaleta kwako."

Mke wa mzee akadakia, "Na kila mara kichwa cha kambale ulikuwa unadai wewe!"

Mzee akashusha fimbo, binti akaondoka na mumewe. Mimi leo, mkwe wangu akiniletea visamaki, napokea kwa mikono miwili.