Mkorosho Uliobebwa kwa Kanga

Kwenye kitalu cha akina mama pale Kibiti, mkono wa Kijakazi ulijulikana: mche alioubebesha kikonyo, kijiti cha mti mwingine, ulishika. Lakini mkorosho mmoja hakuruhusiwa kuugusa, nao ulikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Ulikuwa wa mama mkwe wake, Bi Swaumu. Chini yake alikizika kitovu cha Abdulhalim, mwanawe wa pekee, mume wa Kijakazi. Mti ulikuwa umezeeka. Kila mwaka ugonjwa wa ubwiriunga uliyafunika maua, yakanyauka kama yamemwagiwa majivu. Masika yaliyopita upepo uliuvunja kiunoni, likabaki gutu lenye machipukizi matatu.

"Mama, nikiyabebesha kikonyo cha mkorosho mzima, utazaa tena. Tukiyaacha, mchwa watalimaliza gutu lote."

"Kisu hakifiki hapo! Ukiukata, umemkata mwanangu."

"Siukati. Naubebesha."

Bi Swaumu akamtazama mjukuu wake Warda, aliyelala mgongoni kwa mamaye. "Kama huyo?"

"Kama huyo. Kikonyo ndiye mtoto, mti wako ndio mgongo."

Bi Swaumu akalipapasa gutu. "Haya. Chipukizi moja tu."

Kijakazi akalipasua ncha, akachonga kikonyo, akakipachika. Alipotoa utepe wa nailoni, Bi Swaumu akang'aka: "Mtoto habebwi kwa mfuko wa sukari!" Akachana pindo la kanga yake.

Kijakazi alijua kanga ingepitisha maji, kidonda cha mti kikaoza. Lakini hakubishana. "Kwanza nepi, Mama, ndipo kanga." Akakaza nailoni, juu yake akafunga kanga.

"Una maneno wewe!" Bi Swaumu akacheka.

Kicheko kilikatika wiki ya pili, Abdulhalim aliposhikwa na homa. Jicho la Bi Swaumu lilitoka kwa mwana likaenda kwenye gutu. Kijakazi akaliona.

"Ni malaria, Mama, zahanati wamepima. Mti una dawa yake, mume wangu ana yake."

Abdulhalim akapona, akarudi shamba. Bi Swaumu naye, kila akitoka kuswali alfajiri, akapitia nyuma kuchungulia.

Asubuhi moja sauti yake ikafika jikoni. "Mama Warda! Njoo uone, mtoto kaota jino!"

Kijakazi akaenda bila haraka, akijifuta mikono. Jani changa jekundu, laini, lilikuwa limechomoza juu ya kanga.

"Na yale machipukizi mawili, Mama?"

"Unaniuliza mimi, fundi ni nani? Lete kisu," akasema Bi Swaumu, tayari akichana pindo la pili. "Na nepi usisahau."