Kodiani Si Ngoma

Philbert Kalinga, seremala wa Kitanzini, Iringa, hakuwa mtu wa kucheka na watu. Ukimsalimu alikujibu; ukimwuliza la zaidi alirudi kwenye randa yake. Kitu kimoja tu duniani alikishika kwa upole, nacho ni kodiani yake, kinanda cha kuvuta na kubana kifuani.

Aliipatia Ifunda, mwaka ule wakimbizi wa Kipolandi walipofunga kambi yao. Yeye ndiye aliyewagongea masanduku ya safari. Mjane mmoja, Bi Halina, masanduku yake yalijaa, kodiani ikabaki nje. Akamwita Kalinga, akampa, akaifungua mbele yake. Ndani hamkuwa na nyuzi. Mlikuwa na ndimi nyembamba za chuma, zimebandikwa kwenye vibao kwa nta ya nyuki. Bi Halina, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, alionyesha jiko, kisha akaonyesha nta. "Moto, kufa," alisema. Kalinga hakulisahau neno hilo.

Mwaka 1954 alikwenda Mbeya kujenga maghala, akajiunga na chama cha dansi cha Bwana Selemani, mwuza nguo ambaye wazee wake walitoka pwani. Chama kilikuwa na sheria yake: kila chombo kilichopigwa ukumbini kililala ukumbini, chini ya kufuli ya mwenyekiti. Kalinga alikubali kwa sababu chumba alichopanga kilikuwa kinavuja. Mivukuto ya kodiani, inayovuta pumzi, ilipochanika, chama kilitoa kipande cha ngozi, naye akakishona mwenyewe. Kipande hicho ndicho kilichomponza.

Kazi ya maghala ilipokwisha, mwezi wa Juni, alikwenda dukani kwa Selemani.

"Shikamoo, Bwana Selemani. Nakwenda zangu Iringa. Nimefuata kodiani."

"Marahaba. Nenda salama." Selemani aliendelea kukunja jora la kaniki. "Kodiani inabaki."

"Inabaki kwa nani?"

"Kwa chama. Ngozi ya mivukuto ni ya chama. Au umesahau?"

"Bandua ngozi yako, unipe kodiani yangu."

"Unadhani sijui? Iringa wanaanzisha chama chao. Ukawapigie wewe, kisha waje kutuaibisha hapa hapa Mbeya! Sisi ndio tuliokutoa ushamba, fundi. Ulikuja hapa unanuka maranda."

"Nanuka kazi," alisema Kalinga. "Wewe unanuka maneno."

Baada ya neno hilo hapakuwa na suluhu. Lakini Kalinga hakuondoka. Basi la Iringa lilipita Jumatatu, likapita Alhamisi, yeye yupo. Kila siku alasiri alikaa kwenye baraza ya nyumba iliyotazamana na ukumbi. Hakutukana, hakuomba. Wanachama walipopita walimzomea: "Mlinzi! Leo zamu yako tena?" Mkewe Severina alimtumia salamu kwa dereva wa lori la mchele: "Mwambie kama ameioa hiyo kodiani aseme, nami nijue moja."

Jumapili ya pili chama kilikuwa na dansi ya alasiri. Mpigaji mpya wa kodiani alikuwa Matano, mpwa wa Selemani, mtu mzima aliyepiga ngoma tangu akiwa mtoto. Baridi siku hiyo ilikuwa ya kukata masikio, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Uani, pembeni mwa ukumbi, Matano aliwasha moto, akazielekeza ngoma zake kwenye makaa, ngozi zipate kukaza. Kisha akaijaribu kodiani. Ikakoroma. Basi akafanya kama alivyofunzwa na baba yake, kwamba chombo kikikoroma kioteshwe moto. Akaiegemeza kando ya ngoma, ubavu ukielekea makaa.

Kalinga aliyaona hayo kutoka barazani. Kwanza alisema moyoni: iacheni iungue, tuikose sote. Alikaa na wazo hilo kidogo, akaona haliwezi. Akavuka barabara mbio.

"Matano! Iondoe! Hiyo si ngoma!"

"Ah, kaka, leo umesimama? Tulidhani umeota mizizi."

"Ndani mna nta, Matano. Nta! Itayeyuka."

Matano alisita, akanyoosha mkono. Selemani akatokea mlangoni.

"Usiiguse! Huyu anataka upige chombo chenye baridi, kikorome, watu watucheke. Wiki mbili amekaa pale kama fisi. Fisi anangoja nini, kama si mzoga?"

Kalinga akairukia. Wanaume wawili wakamkamata mikono, wakamkalisha chini kwa nguvu. Akabaki akitazama. Baada ya muda harufu ya asali ilianza kupanda. Wengine walidhani ni kuni. Yeye alijua ni nini, akafumba macho.

Ukumbi ulipojaa, Matano alivaa mikanda, akavuta mivukuto. Ndani kukasikika kitu kikichezacheza kama punje za mahindi ndani ya debe. Akabonyeza tena. Ikatoka pumzi tupu.

"Ina pumu hiyo!" akapaza sauti mwanamke mmoja wa mbele, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Selemani aliinyakua, akatoka nayo nje, akamtupia Kalinga mavumbini.

"Chukua maiti yako. Umeiloga."

"Sikuiloga. Nilikwambia."

"Ondoka Mbeya, nisikuone!"

Kalinga aliipangusa vumbi. Akatoa kisu mfukoni na, palepale mbele yao, akakata mshono mmoja baada ya mwingine mpaka kipande cha ngozi kikabanduka. Akakiweka kizingitini.

"Ngozi ya chama hiyo," alisema, akaenda zake.

Severina hakumpokea kwa vigelegele.

"Naona mmerudi wawili," alisema, "na mmoja wenu hapumui. Sijui ni yupi."

Kiangazi chote, akishaweka randa chini, Kalinga alikaa mlangoni na kodiani iliyopasuliwa kama kuku. Alinunua nta kwa warina asali, akaichanganya na utomvu wa mti, akarudisha ndimi moja moja, kila moja akiipuliza kwanza kwa mdomo aisikie. Tatu hazikupona. Mivukuto aliitia kiraka cha ngozi ya mbuzi wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Matano alishuka Iringa, akauliza njia mpaka kwa seremala. Kalinga hakumpa kiti.

"Kaka, mjomba anasema yaishe. Rudi Mbeya. Chombo chako utalala nacho chumbani kwako, hakitatiwa kufuli tena." Akaichungulia kodiani juu ya meza ya kazi. "Ni ileile? Umeifufuaje?"

Kalinga aliivaa, akapiga wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Pale sauti zilipokosekana hakuzikwepa. Aliacha matundu yasikike. Kisha akafunga mkanda wa mivukuto.

"Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Basi kamsimulie mjomba wako. Yeye ataisikia hivyo tu, kwa mdomo wako."

Akachukua randa, akaendelea kulainisha ubao, na Matano akasimama pale mpaka maranda yakamfunika vidole vya miguu.