Debe la Barazani

Nilipoolewa Kaisho nilimkuta mama mkwe wangu anauza maharage kwa kikapu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na pikapu kuukuu, ambayo mume wangu ndiye aliyeiendesha, na tulipeleka maharage kwenye shule za bweni. Ankara niliziandika mimi kwa mkono, kwa karatasi ya kaboni, kwa kuwa mama hakusoma. Kazi yake yeye ilikuwa kupima, na kila mzigo ulipotimia aliongeza debe moja juu yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwetu muuzaji asiyetoa nyongeza anauza mara moja tu, na nyongeza haiandikwi popote. Unaimimina, mnacheka, mnaagana.

Kisha shule iliyokuwa mteja wetu mkubwa ikapata mtunza stoo mpya. Mtu mpole, sina ugomvi naye. Alisema kuanzia muhula ule atapokea kilichomo kwenye ankara tu, tena ankara iliyochapwa kwa mashine. Debe la nyongeza akalirudisha kwenye pikapu kwa mikono yake mwenyewe.

Mama alipoliona likishushwa nyumbani alilipokea mwenyewe. Aliliweka barazani, karibu na mlango. Nilipotaka kulirudisha ghalani alinizuia.

“Hilo si letu tena,” alisema. “Kitu ukishakitoa hakirudi kulala ndani.”

Akasema pia kwamba hapeleki tena hata punje kwenye shule ile. Bila shule ile pikapu ingekaa juu ya mawe, na mama angerudia kikapu katika umri ule. Nilimkasirikia kweli. Lakini kila asubuhi nilimwona akiyaanika yale maharage kwenye mkeka yasiingie wadudu, na jioni akiyarudisha debeni, palepale barazani, na hasira ikawa inachanganyika na huruma.

Nikaona dawa ni kompyuta. Jenereta ya nyumbani tulikuwa nayo. Tulichohitaji ni mashine na programu ya kuchapa ankara. Nikamwomba mama tufuatane kuchagua, maana biashara ni yake. Alikubali kwa sharti moja: mashine iandike na nyongeza. Kama siku hizi karatasi ndiyo inayosema, basi iseme yote.

Tulianzia Bukoba, kwenye ofisi yenye feni, kwa bwana mmoja aliyevaa tai. Programu yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Jina la biashara lilikaa juu kwa rangi, tarehe ilijiweka, jumla ilijipiga. Kizuri chajiuza, na mimi moyoni nilikuwa nimeshanunua kabla sijakaa kitini. Nikamwomba aandike maharage, madebe ishirini, na chini yake nyongeza, debe moja, bei sifuri. Mashine ikalia, ikakataa. Akajaribu tena, ikalia tena. Akatabasamu, akasema hilo ni dogo: tuandike madebe ishirini na moja, halafu tuweke punguzo la bei ya debe moja, hesabu itakuwa ileile. Na kweli ilikuwa ileile. Nikamweleza mama kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani.

Mama alikuwa akitafuna taratibu punje zake za kahawa kavu, kama ilivyo desturi ya kwetu. Akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili.

“Mwanangu, mimi sijapunguza. Nimeongeza.”

Tukarudi bila kununua. Nilikuwa naililia ile rangi ya jina letu.

Wa pili alikuwa fundi redio wa Kayanga, aliyejitungia programu yake na kuwauzia wenye maduka. Kompyuta yake ilikuwa wazi ubavuni, waya nje kama matumbo ya mbuzi. Alimwamkia mama shikamoo, akampisha kwenye kiti chake, akapokea kahawa ya kutafuna aliyopewa. Programu yenyewe ilikuwa herufi nyeupe kwenye kioo cheusi, basi. Akaandika nyongeza, debe moja, bei sifuri. Mashine ikanyamaza, ikangoja mstari unaofuata. Nilimuuliza mbona yake haikatai. Akasema hakuwahi kufikiria kuikataza.

Tukachukua hiyo, na juu yake kompyuta ya mtumba pamoja na mashine ya kuchapia. Karatasi ikikwama mashine ilianza kuchapa upya toka mwanzo, nami niliitukana mara nyingi.

Siku ya ankara ya kwanza mama alisimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Nikaandika maharage, madebe ishirini. Nikaandika nyongeza, debe moja.

“Andika mawili,” alisema.

Nikamgeukia.

“Lile la barazani ni lao toka siku ile. Andika mawili.”

Alikwenda na sisi hadi shuleni, akakaa mbele na mume wangu. Mtunza stoo aliipokea karatasi, akawa anasoma mstari na kuhesabu, anasoma na kuhesabu. Alipofika chini alisoma kwa sauti: nyongeza, madebe mawili, bei sifuri. Akamtazama mama kidogo. Kisha akatia sahihi, akayabeba yale madebe mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka ndani ya stoo.

“Asante, mama,” alisema alipotoka.

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Tulipofika nyumbani alichukua ufagio, akafagia pale barazani debe lilipokuwa limekaa, akautundika ufagio. Ndipo akaniuliza mzigo mwingine wa shule unatakiwa lini.