Buibui wa Mto Mathare

Mifereji ya maji ya mtaa wetu ilikuwa imekauka kwa siku tatu, kwa hiyo Jumamosi asubuhi mama na mimi tuliteremka na mablanketi hadi Mto Mathare. Miaka hiyo maji yake bado yalifaa kufulia. Nilikuwa kidato cha pili.

Nilipoinama kuchota ndipo nikamwona: buibui wa kahawia, mpana kama kiganja changu, ametulia kwenye jiwe huku miguu ya mbele ikigusa maji. Mdomoni alibeba kitu cheupe, cha mviringo kama gololi. Niliposogea alikimbia juu ya maji hadi jiwe la pili, hata hakuzama.

Jirani yetu muuza mboga, tuliyekuja naye, akaokota jiwe.

“Huyo akikuuma, huamki,” alisema.

Mama akamshika mkono. “Ngoja kwanza. Tunafua hapa kila maji yakikatika. Afadhali tujue ni nani.”

Alimnasa kwa kifuniko cha sufuria, akamtia katika chupa ya jemu, akatoboa kifuniko chake kwa msumari. Mchana huohuo tukapanda basi kwenda makumbusho. Abiria aliyeketi karibu nasi alitazama chupa mara moja, akaenda kusimama nyuma.

Makumbusho tulipokewa na mzee wa miwani. Aliigeuza chupa polepole, akahesabu macho manane, akatabasamu.

“Huyu ni buibui mvuvi, mama. Hategi kwa utando. Anaweka miguu majini, na maji yakitikisika anajua chakula kimefika. Hula wadudu, viluwiluwi, hata visamaki.”

“Na sumu yake?”

“Ukimbana atakuuma, utaumwa kidogo basi. Hicho cheupe ni mfuko wa mayai.”

Aliomba abaki naye, amhifadhi katika spiriti. Mama akaivuta chupa upande wake.

“Pole, bwana. Huyu ni mzazi, nitamrudisha kwake.”

Mzee alicheka, akamchora daftarini, akatuachia.

Tulimfungulia kabla jua halijatua. Wiki mbili baadaye mifereji ilikauka tena, tukarudi mtoni, tukakuta majani ya ukingoni yamefungwa kwa nyuzi kama hema, ndani mna vitoto vidogo visivyohesabika, mama yao akilinda kando. Nilikimbia kumwita jirani. Alichuchumaa pale muda mrefu, mikono magotini.

“Wote hawa ni wake?” aliuliza.

“Wote,” mama akajibu.

“Maskini. Na maji yenyewe ya shida hivi.”

Tulicheka hadi tukaketi kwenye nyasi.