Jinsi Nilivyoitwa Karamu

Niseme la aibu kwanza, tulimalize. Jina langu la usanii, Karamu, hilo mnaloliona kwenye simu zenu na wengine mnadhani nimejiita hivyo kwa sababu ni mkarimu, lilitokana na ulimi wangu kushindwa kusema "kalamu" mbele ya mgeni rasmi. Na wimbo wenyewe nilioukosea haukuwa wangu. Nafasi ya kuuongoza niliipata kwa kumdanganya rafiki yangu. Kwa hiyo usanii wangu ulianza na makosa mawili, moja la ulimi, jingine la moyo, na miaka yote hii nikiulizwa nilianzaje nasimulia lile la ulimi tu, maana ndilo linalochekesha.

Juzi hapa tulikutana wasanii tunaojitegemea wa Biharamulo na Ngara, Biharamulo mjini, kwenye ukumbi mdogo wa viti vya plastiki. Kujitegemea maana yake wimbo unautunga mwenyewe, studio unaenda mwenyewe, na ukishatoka unausikiliza mwenyewe. Tukaambiwa kila mmoja asimame aeleze alianzia wapi na nani alimfundisha. Mimi mambo hayo nayapenda kuliko hata kuimba. Nilikuwa nimesogea mbele kama mtoto anayesubiri kugawiwa muwa, nataka kujua nyimbo za wenzangu zinatokea upande gani. Kijana mmoja wa Ngara, anayeghani kwa Kihangaza, akasema kipaji chake kilimjia ndotoni. Haya. Mshairi mmoja mtu mzima akasema alianza kwa kumwandikia msichana barua ya mapenzi ya beti saba, msichana akairudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini ameandika "jitahidi". Huyo nilimwamini.

Zamu yangu ikakaribia. Ndipo nikageuka nyuma, nikamwona Kabula mstari wa tatu, mtoto amemfunga mgongoni kwa kanga. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Akanitabasamia, akakunja mikono, akatulia kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Nikageuza uso haraka, maana Kabula ndiye mwenye wimbo.

Nyie wenzangu mliokwenda shule na fagio mkono mmoja na dumu la maji kichwani, mtanielewa nikisema sisi tulisoma kwa bidii ya miguu kuliko ya kichwa. Kwetu ni upande wa Nyabusozi. Asubuhi umande unakulowesha mpaka magotini, ukifika shuleni miguu ina tope jekundu utadhani umevaa soksi. Mfukoni una kiazi kilichochomwa majivuni, bado cha moto, kinakupasha paja njia nzima, na hukili mapema maana ndilo jiko lako. Mchana tunacheza rede kwa mpira wa mifuko ya nailoni, tunadaka, tunagombana, tunasameheana kabla kengele haijalia. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, hakuna aliyesikiliza hesabu. Mwalimu anauliza saba mara nane, darasa zima linaangalia dirishani.

Redio ilikuwa moja, ya baba. Betri zikichoka tunazianika juani juu ya bati, zinapata nguvu kidogo, jioni tunasikia nyimbo mbili kabla hazijakata roho. Tukibahatisha tunakamata na stesheni za ng'ambo, za Kirundi, tunaimba bila kujua tunatukana au tunasali. Baba alikuwa akiniambia, "Kuimba sikukatazi, ila uimbe jembe likiwa mkononi." Huo ndio ufadhili wa kwanza nilioupata kwenye sanaa, na mpaka leo ni huo huo.

Kabula alikuja kwetu tukiwa darasa la tatu. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakajenga ng'ambo ya bonde letu. Sisi ni Wasubi, wao Wasukuma, na Kiswahili wote tulikikuta shuleni kama tulivyolikuta dawati. Basi mimi na Kabula tukawa na shida moja iliyogeuzwa. Yeye hakuwa na "ra" kabisa. Mimi "la" ilikuwa inanipita mbali. Asubuhi ananisalimia, "Habali za kwenu, Jovitha?" namjibu, "Nzuri, umerara sarama?" Tukichekana tunachekana sawa, hakuna mwenye deni. Mwalimu wetu wa Kiswahili, tuliyemwita Mwalimu Sarufi tukiwa na uhakika hasikii, alitokea Tanga, na kwa masikio yake sisi tulikuwa adhabu. Alitusimamisha wawili mbele ya darasa, mimi niseme "la la la", Kabula aseme "ra ra ra". Tulikuwa tunajitahidi mpaka mishipa inatoka shingoni. Akasema tukiunganishwa tutakuwa mtu mmoja anayejua Kiswahili.

Mama yake Kabula alikuwa na sauti. Wakati wa palizi wanawake wa bonde walikuwa wanasaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na huyo mama alianzisha wimbo mstari wa mbele, majembe yanaitikia kabla ya watu. Ulikuwa na sehemu moja unapanda taratibu, halafu unadondoka ghafla jembe likigonga chini. Sikuwahi kuusikia mahali pengine. Kabula alikuwa anauimba njiani, mimi nikaupachika maneno ya Kiswahili. Ikawa hivyo, sauti yake, maneno yangu. Nilikuwa sijui kama kufanya vile ndiko kutunga. Nilidhani tunapunguza urefu wa njia.

Tukafika darasa la saba. Tukatangaziwa kwamba anakuja mgeni rasmi, mtu mzito kutoka mjini, na wanafunzi watunge wimbo wa kumpelekea shida zetu. Shida yenyewe haikuhitaji mjadala, ni kalamu. Kalamu moja tulikuwa tunachomoa ule mrija wa wino, tunaukata katikati, kila mtu nusu, unaandika umeushika kwa kucha mbili, na ukivuja unarudi nyumbani na mdomo wa bluu. Mtihani wa taifa ulikuwa karibu. Mwalimu Sarufi akatusikia mimi na Kabula tukiimba wimbo wa palizi wenye maneno yetu, akasema ndio huo huo. Tukafanya mazoezi wiki mbili. Na akapanga kabisa: aongoze Kabula, sisi wengine tuitikie. Kwanza sauti ni yake. Pili, katika midomo ya Kabula lile neno "kalamu" linatoka safi kama limepigwa pasi.

Nilinuna. Moyoni nikasema maneno ni yangu, kwa nini asimame yeye? Siku yenyewe asubuhi, tukiwa nyuma ya stoo tunapakana mafuta miguuni, nikamwambia, "Mwarimu amebadirisha. Amesema niongoze mimi." Nililitamka bila hata kupepesa macho. Kabula akaniangalia. Akauliza mara moja tu kama ni kweli, nikaapa. Akasema, "Sawa." Akaendelea kupaka mafuta.

Sasa mgeni rasmi ameketi kwenye kochi lililotolewa nyumbani kwa mwalimu mkuu, kitambaa cha kufuma juu yake. Wazazi wamezunguka uwanja. Nikasimama mbele nimetunisha kifua kama jogoo aliyeona bati jipya. Nilimwona Mwalimu Sarufi akishtuka, akainua mkono, ila nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Karamu, karamu,
mtoto bira karamu atafauru vipi?
Mgeni wetu tunaria karamu,
hata kidogo, tutashukuru."

Nyuma darasa linaitikia, nusu Wasubi nusu Wasukuma, huku karamu kule kalamu, lakini mgeni alikuwa anamsikiliza aliyekuwa mbele. Niliona anatikisa kichwa kwa huruma. Nikaongeza sauti. Ubeti wa pili nikapiga magoti, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi. Mgeni akatoa leso, akafuta macho.

Akasimama kuhutubia. Akasema amesikia kilio cha watoto hawa, na kwamba mtoto mwenye njaa kichwani hakuingii kitu. Akaahidi karamu, na siyo kidogo, ya kushiba. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu naye akapiga makofi, maana mgeni hasahihishwi mbele za watu, nyie mnajua. Mwalimu Sarufi alikuwa anaangalia mawingu.

Na mgeni hakuwa mwongo. Wiki iliyofuata likaja gari na magunia ya mchele, mafuta na mbuzi wawili. Tulikula pilau mpaka wengine wakalala pale pale chini ya ukuta wa darasa. Kwa wengi ilikuwa pilau ya kwanza nje ya Krismasi. Wanafunzi wa madarasa ya chini wakanibeba juu juu, "Karamu, Karamu," jina likaganda hapo mpaka leo. Mwalimu Sarufi akaniita pembeni. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo, nikajiandaa kwa fimbo. Hakunichapa. Akaniambia, "Mtunzi, umekula kalamu za darasa zima." Alipoondoka nikaona Kabula amekaa peke yake na sahani yake, anakula polepole. Nilijua kwamba ameshajua. Sikumwendea. Nilikuwa na mashabiki.

Mtihani tukaufanya na nusu mirija yetu. Mimi nikapenya, nikaenda sekondari mpaka kidato cha pili, nikaiacha, au yenyewe ikaniacha, bado tunabishana. Kabula hakuchaguliwa. Akaolewa Kaniha. Ule wimbo wa palizi ndio nilioupeleka studio mara ya kwanza ukubwani, nimebadili maneno tu, na ndio ulionitambulisha. Redioni wakaniuliza nilianzaje. Nikasema nilianza shuleni, peke yangu, bila msaada wa mtu. Wasanii tunapenda sana kusema hivyo. Inakaa vizuri mdomoni.

Basi zamu yangu ikafika kule ukumbini. Nikashika maiki, nikaanza kama kawaida, karamu na kalamu, mbuzi wawili, watu wakacheka mpaka viti vikalia. Kwa kawaida ningeketi hapo. Kabula alikuwa anacheka na wengine, lakini macho hayakuniacha. Nikaendelea. Nikasema sauti ya wimbo ilikuwa ya mama mmoja ng'ambo ya bonde, na binti yake ndiye aliyepangwa kuongoza, na mimi nilimdanganya tukiwa nyuma ya stoo. Nikasema wimbo ambao mmekuwa mkinipigia makofi una mwenyewe, na ameketi pale. Kabula akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Yule kijana wa ndoto akashusha kofia.

Baadaye vijana wakanizunguka. Mmoja akataka kujua mdundo wa palizi unapatikana kwenye programu gani. Nikamwambia inaitwa jembe, haihitaji bando. Akatoa simu aiandike. Mwingine, fundi wa studio, akaniambia siku hizi kompyuta inaweza kuninyooshea hiyo "ra" yangu kila neno. Nikamwambia aiache, akiinyoosha, mama yangu hatanijua. Vijana hawa nawapenda, wanajua mengi. Wimbo wanautengeneza asubuhi chumbani, mlango umefungwa, masikio yamezibwa, mchana uko Dar es Salaam. Sisi wimbo ulikuwa unatembea kwa miguu. Unatoka shambani, unavuka bonde, unapita shuleni, na kila anayeushika anauachia alama ya kidole. Sasa hivi lile bonde lina mahindi ya watu wanaoweka vibarua, na vibarua kila mmoja ana nyimbo zake sikioni. Juzi nilipita pale nikasimama kidogo. Majembe yanagonga, kila moja na wakati wake.

Nikamkuta Kabula nje, kwenye kivuli cha ukuta, ananyonyesha. Nikakaa chini kando yake. Nikamwomba radhi, safari hii bila maiki. Nikamwambia wimbo ni wake, nitawaambia redioni, nitamtaja na mama yake.

Akacheka. Akasema mama yake naye aliuokota kwenye palizi, kwa mwanamke wa Bisibo waliyelima naye msimu mmoja, na huyo haijulikani aliutoa wapi, kwa hiyo nisijichoshe kumtafuta mwenyewe. Nikamuuliza sasa kama siyo wimbo, amekuja kutafuta nini toka Kaniha na mtoto mgongoni. Akamhamisha mtoto bega jingine, akamgongagonga mgongoni mpaka akacheua.

"Wimbo chukua," akasema. "Mimi lililokuwa linaniuma ni lile neno lako la ledioni, kwamba ulikuwa peke yako. Peke yako wapi, Jovitha? Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekushika mkono, mgeni hakuona. Ulikuwa unatetemeka."