Baba Aligawa Tovuti Yangu Kama Shamba

Admin, jina langu liache nje, na la kijiji pia, maana kaka yangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimepita miaka hamsini, nimeolewa upande wa Navakholo. Sokoni wananijua kama mama mboga. Leo nasema jambo ambalo hata watoto wangu hawalijui, na mtanivumilia nikiwa mkali, kwa sababu limenikaa kooni kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msichana aliyetoka kusomea kompyuta, nikapata kazi kwenye ofisi ya kuchapa mjini Kakamega. Tulichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na zaidi ya yote programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada. Kulikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu, na wateja wakipungua mwenye ofisi aliniachia. Hapo ndipo nilipotengeneza saraka ya viungo, yaani ukurasa wa kumpeleka mtu kwenye kurasa nyingine zote nilizopata zinazohusu kwetu: shule, makanisa, wanafunzi wetu walioko ng'ambo. Niliipa jina la kwetu. Kila kiungo nilikifungua mwenyewe kwanza, nikakiandikia maneno mawili matatu, na kilichokufa nilikitoa.

Kuitangaza ndiko kulikonitoa jasho. Niliwaandikia wenye kurasa, niwekee kiungo changu nami nikuwekee chako, na wengi hawakunijibu. Ndipo nikapata wazo la programu za mazishi. Wafiwa wakikubali, nilichapa anwani ya saraka chini kabisa ya ukurasa wa mwisho. Najua inachekesha, mtu analia huku anasoma anwani ya tovuti, lakini ilifanya kazi. Programu zilikuwa zikitumwa kwa faksi kwa jamaa walioko ng'ambo, nao wakafungua, wakaambiana, wakaanza kunitumia viungo vyao. Mmoja aliporudi likizo alikuja mpaka nyumbani kumshukuru baba. Baba, mkulima wa miwa ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta, siku hiyo alivimba kichwa. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Mwaka uliofuata nikaposwa. Siku ya mazungumzo ya mahari, wageni wakiwa wameshakula kuku wetu wa ingokho na kuondoka, baba aliniita mbele ya ndugu zake na senje, yaani dada yake. Akasema ile kitu ya kompyuta ina jina la hapa, kwa hivyo ni ya boma, na kaka yangu aichukue. Nilidhani anatania. Nikamwambia nimeitengeneza kwa mikono yangu. Akanijibu bila hasira yoyote:

"Msichana haendangi na shamba. Wewe unapewa boma ingine huko."

Nilimwangalia senje anitetee, akaniambia nisimwaibishe baba siku njema kama ile. Kaka yangu, nimwite Ben, alikaa akingoja kama mtu anayengoja kupakuliwa chakula. Nilimtajia neno la siri pale pale, mbele yao wote.

Kitu cha kwanza Ben alichofanya ni kufuta jina langu chini ya ukurasa na kuweka lake. Viungo hakuvikagua hata siku moja, vikafa kimoja kimoja. Lakini saraka ilikuwa imeshampa sifa. Aliionyesha alipoomba kazi Nairobi, na kazi hiyo ikampeleka ng'ambo, ambako anaishi mpaka leo. Mimi nikaja kupalilia mahindi. Kwa mume wangu hapakuwa na stima, na nilipotaja kurudi kwenye kazi ya kompyuta, mama mkwe aliuliza ng'ombe atakamuliwa na nani.

Ningeendelea kunyamaza. Sasa binti yangu anasomea kompyuta chuoni na anafanya mradi kuhusu kurasa za kwanza za huku kwetu. Juzi alikuja mbio na simu. Alikuwa amepata nakala ya ile saraka, na jina la mjomba wake chini yake. Akanisomea akicheka maneno yaliyokuwa kando ya kiungo cha shule fulani: "Ukurasa huu hufunguka polepole. Injika maji ya ugali kwanza." Hayo niliandika mimi, nikiwa na njaa, nikisubiri huo ukurasa.

"Mum, kumbe Uncle alikuwanga mcheshi hivi," akaniambia. "Na wewe hata WhatsApp nakufungulianga mimi."

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Nililia, sitaficha.

Nilienda kwa baba. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri, ananishika mkono akiongea. Nilimwambia nataka mtoto wangu ajue ukweli. Akasema nikifanya hivyo nitakuwa nimeivunja boma yake angali hai, na kwamba nisikanyage tena pale. Hakusema nilidanganya. Hakusema pole pia. Ben anakuja Desemba, binti yangu atamhoji mbele ya ukoo mzima huku akimrekodi, na mimi nimeshaambiwa nitasimamia jikoni.

Nikinyamaza mpaka baba azikwe, mradi utakuwa umeshaandikwa, na mtoto wangu mwenyewe ndiye atakuwa ameniondoa mara ya pili. Nikisema sasa, nampoteza baba ambaye bado nampenda, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Msiniambie nisamehe, kanisani nimeambiwa vya kutosha. Ninyi wenye mabinti, niambieni: nimweke wangu chini leo nimweleze, au nipike chapati za Desemba nikimsikiliza akimsifu mjomba wake?